Kinga ya Mtoto wa Nguruwe Imo Katika Dang'a

Hapa Bofa si kila mtu afugaye nguruwe. Majirani wengi ni Waislamu, na mfugaji mwenye adabu hujenga banda lake mbali na nyumba za watu na kisima chao. Lakini wafugaji wako, na kwao uzao mmoja wa watoto kumi ni karo ya shule na mabati ya nyumba. Uzao huo waweza kwisha kwa siku chache kwa ugonjwa wa kuharisha. Hapo mwenyewe hukimbilia duka la dawa. Na watoto wakifa, huilaumu dawa, au humlaumu jirani mwenye kijicho. Mimi nasema mara nyingi dawa haina kosa, wala jirani. Kosa lilifanyika usiku ule nguruwe alipozaa, na mwenyewe amelala.

Sababu ni hii. Mtoto wa binadamu hupewa sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni. Mtoto wa nguruwe hapewi, kwa kuwa kondo ya nguruwe haiipitishi kinga hiyo. Huzaliwa mtupu kama askari asiye na ngao. Ngao yake imo katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza. Matumbo yake huweza kuipitisha kinga hiyo katika damu kwa muda wa siku moja hivi tu, kisha mlango hufungwa. Na dang'a yenyewe hupungua nguvu kila saa ipitayo. Mtoto mnyonge aliyesukumwa na wenzake asinyonye mpaka kesho yake, amekwisha kuikosa.

Na adui hayuko mbali. Vijidudu viitwavyo E. koli hukaa katika mavi ya nguruwe hata aliye mzima. Tumbo la mtoto mchanga halina bado ukali wa kutosha wa kuviua. Baadhi yake hushika ukuta wa utumbo, hutoa sumu, na maji ya mwili hutoka ovyo. Mtoto wa kilo moja na nusu ana maji gani ya kupoteza?

Watu husema Pwani hakuna baridi. Hilo ni neno la mtu mzima mwenye shuka. Mtoto wa nguruwe ana mafuta kidogo sana mwilini, naye siku za kwanza hutaka joto la digrii 32 hadi 35. Usiku wa masika, juu ya saruji iliyolowa, huona baridi; akiona baridi hanyonyi, na asiponyonya hapati kinga.

Basi mfugaji afanye nini? Mimba ya nguruwe ni siku 114, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3. Andika siku ya kupandishwa, nawe utajua siku ya kukesha. Safisha banda kwa maji na sabuni, liache likauke kabisa, ndipo umwingize mama. Tandika majani makavu, ziba upepo upande mmoja. Watoto wakizaliwa, wapanguse, kisha mshike kila mmoja, hasa mdogo, umweke kwenye chuchu mpaka anyonye.

Mlango wa pili wa hatari ni kuachishwa ziwa. Maziwa hulinda matumbo kila siku; yakikatika ghafula, na chakula kikabadilika siku hiyo hiyo, kuharisha hurudi. Wazoeshe chakula kikavu kidogo kidogo wangali wakinyonya.

Wako watakaosema kwamba sindano ni rahisi kuliko kukesha. Sivyo. Si kila kuharisha huletwa na bakteria, na dawa ya bakteria haiui virusi. Tena dawa itumiwayo ovyo huwazoesha vijidudu, hata siku ya haja isifae kitu. Mtoto akianza kuharisha, mpe maji safi yenye sukari na chumvi kidogo, mwache aendelee kunyonya, na umwite Afisa wa Mifugo mapema. Muulize pia habari za chanjo apewayo mama kabla ya kuzaa.

Ndugu mfugaji, usiku mmoja wa kukesha ni taabu ndogo kuliko kuchimba shimo la kufukia watoto kumi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.