MKASI WA MASHINE NA USHUHUDA WA WANYONGE



Siku hizi kamera si chombo cha matajiri peke yao. Simu ya kijana mmoja wa kwaya yatosha kurekodi kikao kizima cha usuluhishi. Kwa sababu hiyo Tume nyingi za Haki na Amani zimeanza kukusanya ushuhuda kwa njia ya video. Jambo hili ni jema. Lakini limezuka swali ambalo hatuna budi kulitafakari kabla halijatuponyoka mikononi: picha hizo zikishapatikana, ni nani apange kipi kionekane na kipi kitupwe? Wako wanaosema kazi hiyo sasa ifanywe na akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayosoma, inayosikiliza na kutoa mapendekezo kana kwamba ni msaidizi wa ofisini. Maoni yangu ni haya: tuipokee kama karani, tusiipe kiti cha hakimu.

Natumia hatua tatu tulizorithi kwa Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, ambazo ndugu zetu wa VIWAWA wanazifahamu vema, na ambazo Papa Yohane XXIII alizipendekeza kwa Kanisa lote katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Tuchukue mfano. Tume imezunguka vigangoni na kuwarekodi wajane waliofukuzwa katika mashamba ya marehemu waume zao. Inarudi na picha ghafi za saa 6. Zinahitajika dakika 20 za kuonyesha katika Jumuiya Ndogo Ndogo na mbele ya viongozi wa kata. Hesabu ni rahisi: kwa kila dakika moja itakayobaki, dakika 17 zitaachwa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mjane ambaye maneno yake yote yameangukia katika zile dakika 17 ni kama hakuwahi kusema.

Hapo ndipo msaidizi wa mashine anapovutia. Anaandika maneno yote yaliyosemwa, anaweka saa na dakika ya kila sentensi, anakusanya pamoja waliozungumzia jambo moja, kisha anapendekeza mpango: tuanze na huyu, tufuate na yule, tumalizie na huyu. Kazi ya juma zima yaweza kufanyika katika alasiri moja. Kwa Tume isiyo na fedha wala fundi, huo ni msaada wa kweli, na si haki kuudharau.

Lakini tuone na upande wa pili. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya Whisper, programu ya kampuni ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi. Walikuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande walivyopima, programu iliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna mtu aliyezisema. Makosa hayo yalizidi kwa wasemaji wenye vituo virefu vya kimya. Ndugu zangu, ni nani anayenyamaza katikati ya maneno yake kama si mjane anayemeza machozi? Na vipimo hivyo vilikuwa vya Kiingereza. Tuwe na tahadhari kubwa zaidi kwa Kiswahili cha vijijini kilichochanganyika na Kisukuma, Kigogo au Kiluo.

Tena lugha yetu ina mitego yake. Mama akisema, “Ndugu wa marehemu alikuja, akachukua hati,” sisi hatujui bado kama ni mwanamume au mwanamke, na kiambishi “a” hakituambii. Mashine ikifupisha ushuhuda huo kwa Kiingereza italazimika kuchagua, na aghalabu itachagua bila kuuliza. Katika shauri la shamba, kukosea ni nani aliyechukua hati ni kumtwika mtu dhambi isiyo yake.

KUAMUA

Wengine watajibu kwamba kuhariri ni ufundi tu, si suala la dhamiri. Sikubaliani nao. Karibu miaka 100 iliyopita mtengenezaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alionyesha uso uleule wa mwigizaji mmoja ukifuatana mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso huo, kisha wakaona majonzi, ingawa uso haukubadilika hata kidogo. Maana ilizaliwa na mpangilio. Basi anayepanga picha anasema jambo, hata kama hafungui kinywa. Akiuweka uso wa mwenyekiti wa kijiji anayecheka mara baada ya mama anayelia, amekwisha kumhukumu mwenyekiti huyo, hata kama kicheko chake kilikuwa cha asubuhi na kilio kilikuwa cha jioni. Amri ya nane inayokataza ushahidi wa uongo inatuhusu hapo kikamilifu.

Kitabu cha Danieli, sura ya 13, chatueleza habari za Susana. Kusanyiko lilikuwa limekwisha kuamini simulizi lililopangika vizuri. Danieli aliwatenga wale wazee wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake juu ya mti, na uongo ukafichuka. Haki ilipatikana kwa kurudia ushahidi wenyewe, neno kwa neno. Mashine hupenda simulizi lililonyooka. Hukata kigugumizi, hukata marudio, hukata lile jambo dogo lisilolingana na mengine. Pengine jambo hilo dogo ndilo mti wa Susana.

Kanisa halikatai chombo hiki. Papa Fransisko alitoa ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, 1 Januari 2024, juu ya akili mnemba na amani. Na tarehe 14 Juni mwaka huohuo, akiwahutubia viongozi wa mataifa ya G7 nchini Italia, alisisitiza kwamba maamuzi lazima yabaki kwa binadamu. Nasi tuanzie hapo.

KUTENDA

Napendekeza Tume zetu zishike mambo haya matano.

Kwanza, walau wanatume wawili watazame picha zote ghafi kabla ya kuomba mpango wowote. Haraka haraka haina baraka.

Pili, tuombe ruhusa mara mbili: ruhusa ya kurekodi, na ruhusa ya kupeleka sauti na sura katika programu ambayo mitambo yake yaweza kuwa ng’ambo. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo ya kwake ya mwaka 2019. Shahidi aliye hatarini asipelekwe huko kabisa.

Tatu, kila kipande kinachopendekezwa kilinganishwe na sauti yenyewe, pamoja na sentensi iliyotangulia na inayofuata.

Nne, mpango ukishakamilika, turudi kwa mashahidi na kuwaonyesha kabla ya mtu mwingine yeyote. Mjane akisema, “Sikusema hivyo,” kipande kiondoke. Anayetuhumiwa naye apewe nafasi ya kujibu.

Tano, picha ghafi zitunzwe salama, na mwishoni mwa filamu isemwe wazi kwamba mashine ilisaidia. Sauti au sura ya kutungwa isiingizwe kamwe.

Najua hatua hizi zitakula muda ambao mashine ilituahidi kuuokoa. Na iwe hivyo. Wajane wale hawakutukabidhi muda wao. Walitukabidhi neno lao, na wengi wao hawana mali nyingine iliyobaki.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya:
1. Je, ni akina nani katika parokia yetu ambao ushuhuda wao huachwa mara kwa mara, hata bila mashine?
2. Tukionyesha filamu ya mgogoro, tunamsikiliza vipi anayetuhumiwa?
3. Ni nani katika Tume yetu atakayekabidhiwa kutunza picha ghafi, naye atawajibika kwa nani?