Samaki Mbichi kwa Ndege: Tuhesabu Kwanza



Mwezi huu vijana wa kikundi kimoja cha ukingo wa ziwa, upande wa Uvira, wametuletea ulizo. Wamechanga mtaji kidogo-kidogo. Kila asubuhi wanaona mukeke na ndagala vikitoka ziwani vinametameta, na wanasikia kwamba ndugu zao walio kwenye machimbo, upande wa Shabunda na Walikale, wanakula samaki kavu tu, tena kwa bei kali. Wanauliza: “Kwa nini tusitume samaki mbichi kwa ndege?”

Ulizo ni zuri. Lakini feza ile ni jasho la watu wengi, kwa hiyo hatutajibu mbio-mbio.

Kwanza mujue kwamba ndege na machimbo ni marafiki wa siku nyingi. Shabunda, barabara ilipokufa, sabuni, chumvi na hata chupa za bia vilifika kwa ndege kutoka Kavumu, karibu na Bukavu. Walikale, ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo. Zilileta vyakula na kurudi Goma zimebeba mawe ya kasiterite. Basi kutuma chakula kwa ndege si ndoto. Watu wamekifanya.

Lakini vyakula haviko sawa. Kuna chakula chenye kungoja na chakula kisichongoja. Samaki za barafu zinazotoka Namibia, zile ambazo watu wa Kinshasa wanaita mpiodi, zinakuja polepole kwa meli na kwa lori, sababu zimeganda ngumu kama jiwe na zinaweza kungoja. Ng'ombe wa milima ya Mulenge anashuka kwa miguu yake mwenyewe. Nyama yake haiozi njiani kwa sababu bado iko hai. Lakini samaki mbichi hangoji mtu. Tangu saa anapokufa ameanza kuharibika, na joto letu la Uvira linamsukuma.

Dawa yake ni barafu, na barafu iko na hesabu yake. Kilo 10 za samaki zenye joto la digri 30 zinakula karibu kilo 3 za barafu ili zishuke tu paka digri 0. Hapo hatujahesabu joto la barabarani wala kungoja ndege. Ndiyo maana katika inchi za joto wenye kujua kazi wanashauri kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ndani ya sanduku lenye kuta nene.

Sasa mufikiri safari. Kutoka Uvira kupita Kamanyola paka Bukavu ni kilometa 120 hivi, na kwenda Kavumu ni zingine 30 hivi. Mvua ikinyesha, gari linalala njiani. Ukifika, ndege inangoja mawingu yaondoke ao inangoja mzigo ujae. Barafu yenyewe haijui kungoja; inageuka maji tu.

Wengine watasema: “Tutagandisha samaki kwenye frigo.” Angalieni hapa. Frigo ya nyumbani inatengenezwa kwa kulinda kitu ambacho kimekwisha kuganda. Ukiijaza samaki wa joto, wanaganda polepole, nyama inapasuka ndani, na siku ya kuyeyuka inatoa maji mengi na kulegea. Samaki wa kugandishwa anatakiwa kukaa kwenye digri 18 chini ya sufuri, bila kukatika, na ninyi munajua namna umeme wetu unavyotuchezea. Akiyeyuka katika joto, musimgandishe tena ili kumuuza. Vijidudu vilivyolala vimekwisha kuamka. Na mama asidanganyike kwamba moto utasafisha kila kitu: sumu nyingine za samaki aliyeharibika haziishi kwa kupika.

Tufike kwenye feza. Tuseme, kwa mufano tu, ndege inaomba dolari 1 kwa kilo. Munatuma ndagala mbichi kilo 40. Ongeza barafu kilo 40, ongeza sanduku kilo 5: jumla kilo 85. Munalipa dolari 85, yaani zaidi ya dolari 2 kwa kila kilo ya samaki, sababu mizani haiulizi kama ni barafu ao samaki. Kilo 40 zile zile mukizianika juani vizuri, zinarudi karibu kilo 10. Munalipa dolari 10. Tena kavu ikichelewa siku tatu, bado ni chakula. Mbichi ikichelewa siku tatu, munazika mtaji.

Je, hakuna mahali biashara hii imefaulu? Iko. Mwanza, Tanzania, tangu miaka ya 1990 viwanda vilikata sangara wa Ziwa Victoria, wakapandishwa ndege kubwa kwenda Ulaya. Lakini kule walikuwa na viwanda vya barafu, vyumba vya baridi, na wanunuzi wenye kulipa bei kubwa. Na hata wao walianguka: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango, sababu ya hofu ya sumu ya wadudu ambayo watu wengine walitumia kuvulia samaki. Wavuvi waaminifu nao wakaumia. Mkono mmoja mchafu unafungia wengi njia.

Tena ndege yenyewe inaweza kusimama bila kosa lenu. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya, na maua na mboga za Kenya zikaozea nyumbani. Septemba mwaka ule ule serikali yetu ilisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, paka Machi 2011. Wenye kuuza vyakula kwa wachimbaji walibaki wanaangaliana. Na mwanzo wa 2025 vita ilifika viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu. Aliyekuwa na mzigo wa kuoza siku ile, alipoteza yote.

Basi vijana, jibu letu ni hili. Anzeni na samaki kavu. Anikeni juu ya vitanda vya wavu, si juu ya mchanga, maana mchanga unashusha bei na kuvunja meno ya watu. Fungeni vizuri, mvua isiingie. Mbichi mujaribu siku nyingine, kidogo, kwa mnunuzi aliyekwisha kutoa neno lake, na siku ambayo ndege ina saa ya hakika. Na musitie mtaji wote ndani ya sanduku moja.

Ninyi mulio kwenye machimbo, mukiletewa samaki “mbichi”, fungueni mashavu: yawe mekundu. Macho yawe yametoka, si ya kuingia ndani. Bonyeza nyama: irudi. Isiporudi, rudisha wewe samaki kwa mwenyewe. Mutoto mgonjwa anakula feza kuliko samaki.

Jioni moja someni pamoja nyumbani Luka 14:28, juu ya yule mwenye kutaka kujenga mnara, na Mithali 11:1 juu ya mizani. Kisha kaeni na kalamu, muhesabu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tuonane mwezi kesho.