Chanzo Atakiandika Nani?

Nimeanza juzijuzi kuhariri kamusi elezo moja ya mtandaoni. Sentensi yangu kuhusu kwaya za Nyarugusu ilifutwa siku hiyohiyo, eti haina chanzo. Kanuni yenyewe naikubali. Bila hiyo kila mwongo angejiandikia. Lakini jamani, chanzo atakiandika nani? Kambi hii ipo tangu 1996, na mengi yanayochapishwa juu yetu ni hesabu tu: vichwa, mahema, kilo za unga. Basi tunasomeka kama daftari la stoo! Nyinyi wa mashirika, mnayoyaandika kuhusu maisha yetu yatoeni wazi, tena kwa Kiswahili. Nasi wakimbizi tuandike, tuweke tarehe, tuchapishe. Mhariri akiuliza tena, tuwe na ukurasa wa kumwonyesha.