Sauti ya Marehemu Imo Kashani

Jirani yetu mmoja hapa Ganjoni alitujia na mwanawe na kompyuta, machozi yakimlengalenga. Video ya harusi ya bintiye, ambamo marehemu babake anaomba dua, ilionyesha picha bila ya sauti. Alikaribia kuifuta.

Tulimsihi asubiri. AVI au MP4 mwishoni mwa jina la faili ni kasha tu. Ndani yake picha na sauti hubanwa kila moja kwa kodeki yake, yaani kanuni ya kubana na kukunjua. Kompyuta ikiikosa kodeki ya sauti hunyamaza, ilhali sauti imo.

Tukaiweka VLC, programu ya bure iliyotokana na mradi wa wanafunzi wa Ufaransa ulioanza mwaka 1996, yenye kodeki nyingi ndani yake. Dua ikasikika, nasi sote tukaitikia amin.

Basi tunawausia: msipakue mafurushi ya kodeki kwenye tovuti msizozijua, kwani mengine huficha virusi. VLC ichukueni kwa wenyewe, videolan.org. Na kabla ya kufuta, ulizeni. Amana ya wazee haitupwi kwa pupa.