Nani alisaini intaneti izimwe?

Nina swali moja, na karibu kila ninayemuuliza anaangalia nyuma kwanza kabla ya kujibu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilipokatika nchi nzima, ni nani alisaini? Msiniambie "mamlaka husika". Nataka cheo chake, kifungu cha sheria alichotumia na tarehe ya barua.

Tulikaa gizani mpaka tarehe 3 Novemba, siku ambayo Rais aliapishwa Dodoma. Katikati hapo Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje, watu wakafa, na hilo la vifo hata Rais mwenyewe alilitaja kwenye hotuba yake ya kuapishwa. Picha na video zikabaki zimefungiwa ndani ya simu za waliozipiga. Halafu data ikaanza kurudi, na pamoja nayo ikaja meseji ya polisi kwenye simu za watu: usisambaze picha zinazoleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu, ni kosa la jinai. Yaani wamekuwashia taa, na neno la kwanza ni usiangalie!

Sasa wakubwa wana jibu lao: haki haina budi kuwa na mipaka, someni ibara ya 30. Sawa, tusome basi. Ibara ya 18 inakupa uhuru wa kutoa maoni, haki ya kutafuta na kupokea habari, uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa na haki ya kupewa taarifa wakati wote. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo kubanwa, lakini kwa sheria. Simu ya bosi kwenda kwa mkurugenzi wa kampuni ya simu saa tano asubuhi sio sheria. Na kama nchi ilikuwa hatarini kiasi hicho, ipo ibara ya 32, inayoeleza namna Rais anavyotangaza hali ya hatari na Bunge linavyoingia. Njia hiyo ina masharti na inaacha karatasi. Labda ndiyo maana haikupendwa.

Wengine wananiambia, dada, hayo ya Katiba ni ya darasani. Basi nendeni Zimbabwe. Januari 2019 bei ya mafuta ilipanda, watu wakaingia barabarani, serikali ikazima intaneti. Kampuni ya Econet ikawaambia wateja wake wazi kwamba imeamriwa, na amri imetoka kwa waziri gani. Kwa sababu jina lilijulikana, wanasheria walikuwa na mtu wa kumpeleka mahakamani. Tarehe 21 mwezi huohuo Mahakama Kuu ya Harare ikasema waziri yule hakuwa na mamlaka hayo, kwa kuwa sheria aliyoitumia ilikuwa chini ya Rais. Intaneti ikarudishwa. Kesi nzima ilisimama juu ya swali hilihili ninalouliza mimi: nani alisaini?

Togo nayo ilizima mtandao Septemba 2017 wakati wa maandamano. Serikali ikajitetea kwa usalama wa taifa. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS ikaiambia kwamba usalama wa taifa ni hoja, lakini sheria inayokuruhusu kuzima iko wapi? Haikuwepo. Togo ikaamriwa kuwalipa fidia waliofungua kesi.

Hapa kwetu, mteja wa mtandao gani wa simu alipata meseji inayosema "tumeamriwa na fulani kwa kifungu fulani"? Bando lako uliloshalipia limekufa mfukoni, muuza mitumba wa Kariakoo anayetafuta wateja Instagram amekaa anaangalia ukuta, na kampuni ambazo kila siku zinakutumia meseji tatu za promosheni zimenyamaza kama zimemwagiwa maji.

Ila hatukufika hapo kwa siku moja. Tulizoeshwa. Mwaka 2018 zilikuja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na mwenye blogu akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 2, maombi na leseni, ili aandike. Fikiria kijana wa Njombe anayetaka kuandika bei ya viazi sokoni. Kanuni zile zilitungwa na waziri kwa kifungu cha 103 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Bunge halikuzijadili kwanza, sheria ndogo huletwa kwake zikiwa zimeshaanza kuuma. Mei 2018 Mahakama Kuu kule Mtwara ilizisimamisha kwa muda, mwezi haujaisha ombi likatupwa. Oktoba 2023 TCRA ikatangaza wanaotumia VPN wajisajili. Kila hatua tulilalamika wiki moja, tukazoea.

Najua litakalokuja: na wachochezi je? Kwa wachochezi kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, tena kali kupita kiasi. Kifungu cha 16 kinasema ukichapisha habari za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Mimi siipendi hata kidogo, lakini angalau inamtaka polisi amtaje mtuhumiwa na kumfikisha mbele ya hakimu. Kuzima nchi kunamfanya kila mwenye simu kuwa mtuhumiwa, na hakimu hayupo.

Kwa hiyo tufanye hivi. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia yeyote anaweza kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, tupate cha kwenda nacho mahakamani. Barua nimeiandaa, ukurasa mmoja, ina maswali matatu: nani aliamuru, kwa kifungu gani, na amri ilizifikia kampuni za simu lini. Makatibu wa vijana wa mikoa wanayo. Weka jina lako, saini, peleka kwa mkono TCRA au wizarani, na usiondoke mapokezi mpaka wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.