Risala ya Mabinti wa Lesotho kwa Bunge Kuhusu Urithi wa Kiti cha Enzi

Waheshimiwa Wabunge na Maseneta,
Waheshimiwa Machifu mliopewa dhamana ya kumteua mrithi wa Mfalme,



Tunauenzi ufalme alioujenga Moshoeshoe wa Kwanza na tunamheshimu Mfalme Letsie III. Hatumpingi mtu yeyote. Tunachokilalamikia ni sheria.

MALALAMIKO YETU

1. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 1993 kinaagiza mrithi ateuliwe kwa sheria ya mila, nayo humtambua mwana wa kiume. Binti Mfalme Senate, kifungua mimba, alizaliwa 2001. Mrithi ni mdogo wake Lerotholi, aliyezaliwa 2007.

2. Kifungu cha 18 kinakataza ubaguzi, kisha kinaiacha sheria ya mila nje ya katazo hilo. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilimkatalia binti wa chifu aliyedai uchifu wa baba yake.

3. Chini ya Sheria ya Uchifu ya 1968, chifu akifa bila mwana wa kiume, mjane wake anaweza kushika nafasi yake, ila binti yake hawezi. Aliyeolewa katika nyumba ile anakubaliwa, aliyezaliwa humo anakataliwa.

4. 'Mantsebo alishikilia utawala tangu 1941 hadi 1960, mrithi akiwa bado mtoto. Malkia 'Mamohato alikaimu mara tatu: 1970, 1990 na 1996. Nchi ilipokwama iliwaita wanawake, nao wakaitika. Uwezo wetu mnaujua. Tunachonyimwa ni haki.

5. Mwaka 1995 Lesotho iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, lakini ikaweka sharti la kujitoa katika suala la urithi wa ufalme na uchifu.

Tutaambiwa kwamba mila haiguswi. Lakini jirani zetu Wavaloyi wa Limpopo waliamua wenyewe kumpa binti wa chifu wao uongozi, na mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikauthibitisha uamuzi wao. Wenye mila ndio walioibadili.

MADAI YETU

(a) Kifungu cha 45 kirekebishwe ili mtoto wa kwanza arithi, awe wa kike au wa kiume. Haki ya mrithi wa sasa isiguswe, kama Norway ilivyofanya mwaka 1990. Utaratibu mpya uanze na watoto wake.

(b) Kinga ya sheria ya mila katika kifungu cha 18 iondolewe kwenye urithi wa ufalme na uchifu.

(c) Sheria ya Uchifu impe binti haki sawa na kaka yake.

(d) Serikali iondoe sharti ililoliweka kwenye mkataba huo.

(e) Pitso, yaani mikutano ya hadhara, ziitishwe katika wilaya zote 10, wanawake wasikilizwe, na maoni yao yaingie katika kumbukumbu za Bunge.

Tunataka majibu ya maandishi kabla ya kikao hiki cha Bunge kuahirishwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Mabinti wa Lesotho