Ukilala kwenye bembea mlimani, jifunike na chini

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Wanaofaidi uhuru huo si wafanyabiashara pekee. Wapo vijana wanaobeba mikoba mgongoni siku za mapumziko na kwenda kupiga kambi kwenye misitu ya jirani. Ni jambo la kupongezwa, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki haijengwi na mikutano ya Arusha peke yake. Hujengwa pia na Mkenya aliyelala Uganda na Mganda aliyelala Rwanda, kila mmoja akarudi kwao salama.

Neno hilo la mwisho, salama, ndilo linalonifanya niandike leo.

Baadhi ya vijana hawa wameacha hema na kuchukua bembea ya kulalia, ile ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Sababu zao zina mashiko. Bembea ni nyepesi, haihitaji mahali tambarare, na mvua ikinyesha matope hubaki chini. Ufukweni Mombasa au Bagamoyo, upepo unaopita chini ya mgongo ni raha tupu. Mlimani upepo huohuo ni adui.

Blanketi halitengenezi joto. Kazi yake ni kuzuia hewa iliyopashwa na mwili isiondoke. Ukilala ndani ya bembea, uzito wako unaliminya blanketi au mfuko wa kulalia ulio chini yako mpaka ile hewa inatoka yote. Kinachobaki kati ya mgongo wako na upepo ni kitambaa chembamba tu. Kwa hiyo mtu anaweza kujifunika mablanketi matatu kwa juu na bado akatetemeka hadi alfajiri, kwa sababu joto lake linavujia chini.

Tusidanganyike kwamba nchi zetu ziko Ikweta. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Usiku wa nyuzi 25 pwani unaweza kuwa chini ya nyuzi 10 kwenye msitu ulio mita 2,800. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kuchanganyikiwa, hushindwa kutumia vidole vyake na huenda akapoteza maisha. Si lazima kuwe na barafu. Nguo zilizolowa na upepo vinatosha. Na hatari huzaa hatari: aliyezidiwa na baridi huvuta jiko la mkaa mpaka chini ya turubai lililofungwa pande zote. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na aliyelala haamshwi nayo.

Kinga yake si ngumu. Kwanza, tundika kifuniko kinene chini ya bembea, kwa nje, kikigusa kitambaa bila kuminywa. Hapo hewa yake haitoki, na joto hukaa. Asiye nacho aweke ndani godoro jembamba la sponji isiyonyonya maji. Pili, chini ya kifuniko hicho ning'iniza kitambaa chepesi kisichopitisha upepo wala matone yanayoruka kutoka ardhini. Tatu, funga turubai la mvua juu ya vyote.

Lakini usijiviringishe nailoni mwili mzima ukidhani umejikinga. Mvuke wa jasho na pumzi hukosa pa kutokea, hugeuka maji na kulowesha kila kitu. Acha nafasi ya hewa kupita, na usitegemee khanga au shuka la pamba. Pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Sufu au vitambaa vya kutengenezwa viwandani ni afadhali.

Wapo watakaosema vifaa hivi ni vya Wazungu na bei yake haishikiki. Sikubaliani nao. Makoti mazito yaliyojazwa nyuzi laini yamejaa kwenye mitumba ya Gikomba na Owino. Fundi cherehani anayejua kushona mto anaweza kuyafumua na kuyaunga yakawa kifuniko cha chini, chenye kamba za kutundikia pembe nne. Hiyo ni ajira kwa fundi wetu na usalama kwa kijana wetu.

Wanaokodisha vifaa nao wana wajibu. Kumkodisha mgeni bembea tupu kwa safari ya mlimani ni sawa na kumpa mtumbwi bila kasia. Bembea na kifuniko cha chini viwe kifurushi kimoja, na asiyekuwa navyo ashauriwe kukodi hema na godoro.

Hapa ndipo ushirikiano wa kikanda unapopata kazi ya maana. Mlima Elgon umekaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda, na kilele chake, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Milima ya Virunga inagawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo. Baridi haisimami kwenye kituo cha forodha kuonyesha kitambulisho. Mamlaka za hifadhi za nchi hizi zikubaliane juu ya orodha moja fupi ya vifaa vya kulalia, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye kila lango na isomwe kwa kila kundi kabla halijaingia msituni.

Haihitaji itifaki mpya wala bajeti kubwa. Inahitaji ukurasa mmoja, na mlinzi wa lango wa kuuliza: "Chini yako utaweka nini?"